Kujifunza Kuonekana Msituni

Wewe unayenisikiliza, huenda hujawahi kushika bunduki na wala huna haja ya kuishika. Hakuna neno. Nitakueleza polepole, na popote utakapoona nimekwenda mbio, rudi nyuma, mimi nitakungoja. Ninataka kukusimulia siku niliyokaribia kumpoteza mdogo wa mke wangu kwenye msitu wa umma, saa tatu asubuhi, jua limeshatoka. Hapakuwa na ugomvi, ulevi wala bunduki mbovu. Chanzo chake kilikuwa tabia ambayo sisi wawili tuliiona njema, kwa sababu ndiyo iliyotuweka hai miaka mingi.

Ninaishi Guildford, hapa Australia, na ninafanya kazi kwenye ghala moja huko Seven Hills, kupanga makasha na kuyapakia kwenye malori. Uwindaji nilifundishwa na mzee mmoja wa palepale ghalani, mwendesha foklifti, Mwaustralia wa mikono mikubwa na maneno machache. Mwaka wangu wa kwanza pale aliniletea paja la kulungu limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mke wangu alilipika na sombe, yale majani ya muhogo, akaweka mawese, na Jumapili ile watu wa kanisani waliokula kwetu waliuliza mara tatu nyama hii imetoka wapi. Nilipompelekea salamu zao, yule mzee alisema, "Mimi magoti yamekataa vilima. Ukitaka nyingine, jifunze. Una bahati, kulungu wa hapa hawajui Kiswahili, hawatakusikia ukiwasengenya."

Kulungu wa huku si wale wadogo tunaowajua kwetu. Waliletwa na wageni zamani, wakatoroka mashambani, wakazaana. Dume ana pembe zenye matawi, na pembe hizo huanguka kila mwaka zikaota upya. Wanakula malisho ya wakulima na miche ya msituni, kwa hiyo serikali inaruhusu wawindwe, ila kwa utaratibu. Kuna leseni ya bunduki. Kuna leseni nyingine ya kuwinda kwenye misitu ya umma. Kuna mtihani, kuna maswali ya polisi, na kuna sanduku la chuma ambalo lazima lifungwe ukutani kwa bolti. Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima.

Siku niliyotoboa ukuta wa stoo ili nilifunge lile sanduku, mke wangu alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi.

"Tumeikimbia bunduki nchi mbili," alisema. "Leo unaitobolea ukuta ije ilale kwetu."

"Ni ya nyama tu, mama watoto."

"Zote ni za nyama," alisema, akarudi jikoni.

Niliendelea kukaza bolti.

Nikueleze ugumu wa msitu wa umma, maana wengi hudhani ugumu ni kulenga shabaha. Kulenga ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Msitu wa umma ni wa kila mwenye leseni. Unaomba nafasi kwenye tovuti, unachagua msitu na siku, na mwezi wa nne, madume wanaponguruma kutafuta majike, nafasi zinajaa mapema. Wote waliopata nafasi wanafika Ijumaa jioni, wanalala kwenye mahema na magari yao karibu na geti, na kukipambazuka tu wanaingia. Kulungu naye ana akili. Anajifunza mlio wa mlango wa gari. Anajifunza kwamba harufu ya kahawa inafuatwa na kishindo. Ananyamaza, anaacha kunguruma, anahamia kwenye mabonde yenye vichaka vya miiba ambako mtu hapiti bila kupiga kelele. Anakula usiku, mchana anajilaza. Basi mwindaji naye lazima aende mbali zaidi, atulie zaidi, akae mahali pagumu zaidi.

Hapo ndipo hofu inapoanzia. Kila mwindaji mwenye akili amewahi kuliwaza jambo hili. Bonde ulilolifikia kwa saa mbili za kupanda na kushuka, ukiamini uko peke yako, lina mtu mwingine ndani yake, naye anaamini yuko peke yake.

Mwaka mmoja nilisikia dume akinguruma ng'ambo ya kijito. Nilimnyatia karibu saa nzima, hatua moja, pumzi tatu, hatua moja. Nilipochungulia juu ya gogo nilimkuta mwanamume ameweka bomba la plastiki mdomoni. Ndiye aliyekuwa akinguruma. Na bunduki yake ilikuwa mapajani, imeelekea upande wangu, kwa sababu alikuwa amesikia vijiti vikivunjika chini ya miguu yangu na kudhani ngurumo yake imejibiwa. Yeye alicheka. Mimi sikuweza kucheka mpaka katikati ya wiki.

Kwa ajili ya mambo hayo sheria inataka kila mwindaji avae rangi ya chungwa, ile kali kama ya wajenga barabara, kofia au kizibao au vyote viwili. Macho ya kulungu hayaioni rangi hiyo kama yetu. Kwake ni kama majani mengine. Binadamu akiitazama hawezi kukosea. Ni jambo rahisi sana. Mtoto wa darasa la kwanza angelielewa.

Shemeji yangu, huyo mdogo wa mke wangu, anaishi Campbelltown na anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ni mtu wa mzaha. Wazee wake wanampenda kwa sababu anawacheka na wao wanamcheka. Ana watoto wawili, na wakati ule mke wake alikuwa na mimba ya wa tatu. Alikula nyama ya kulungu kwetu mara moja, akasema naye anataka. Akasoma, akafanya mtihani, akapata leseni zake, lakini alikuwa bado hajanunua bunduki. Tulikubaliana safari ya kwanza tutumie yangu, mimi nikiishika, yeye atazame na ajifunze.

Ijumaa ile alikuja kwetu kwa treni, safari ndefu, na begi lake la kazini mgongoni. Mke wangu alitusindikiza mpaka kwenye gari. Alimwekea mdogo wake chapati kwenye mfuko, akamfunga zipu ya jaketi kama bado ana miaka sita.

"Dada, nina ndevu," shemeji alisema.

"Ndevu hazizuii baridi." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ikabadilika. "Umemchukua mkononi mwangu. Utamrudisha mkononi mwangu."

Nikasema ndiyo. Ni neno fupi sana, ndiyo.

Njiani nilimfundisha. Mimi hupenda kufundisha, na yeye ni mwanafunzi mzuri kwa sababu haoni aibu kuuliza. Nilimweleza upepo: lazima ukupige usoni, ukikupiga kisogoni rudi nyumbani. Nilimweleza jinsi ya kukanyaga, kisigino kwanza, na jinsi ya kutumia ramani ya simu pale mtandao unapokufa. Nilimweleza kwamba nyama lazima ipoe haraka, na kwamba tukimpata mnyama tutambeba vipande vipande mpaka mabega yatukane.

"Shemeji," aliniuliza, "hii ni vakansi gani? Wenzetu wanakwenda ufukweni. Nilipowaambia wazee wangu kwamba ninakwenda kulala kwenye baridi kwa hiari yangu, mmoja akataka kunipima homa."

Tulicheka mpaka barabara ya lami ikaisha.

Kwenye geti tulikuta magari saba. Asubuhi, tulipokuwa tukifunga viatu, wanaume wawili walitujia na vikombe vyao vya kahawa. Mmoja alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, mwingine wa makamo, mnene, mwenye uso wa kirafiki. Wote wawili walivaa vizibao vya rangi ya chungwa.

"Leo wawindaji ni wengi kuliko kulungu," mzee alisema kwa Kiingereza. "Mnaelekea upande gani?"

Nilisikia swali lake, na kabla sijafikiri kitu ndani yangu kikafunga mlango. Nikanyoosha mkono hivi hivi kuelekea mgongo wa mlima. "Juu kule," nikasema.

Hatukuwa tunakwenda juu. Tulikuwa tunakwenda chini, kwenye bonde la kijito nililoliona kwenye ramani. Lakini huko nilikokulia, mtu usiyemjua akikuuliza unakwenda wapi, humwambii. Unamwonyesha upande mwingine, unatabasamu, unapita. Shemeji hakushangaa hata kidogo. Tulipoingia kwenye miti alisema tu, "Vizuri. Wasitufuate."

Sikuwaza kwa nini mzee yule aliuliza.

Tulitembea saa moja na nusu kati ya mikaratusi mirefu. Gome la miti ile huning'inia kama nguo chakavu, na upepo ukipita linagonga shina, tok, tok, kama mtu anayekuja. Kila lilipogonga nilisimama. Mara mbili tulisikia risasi mbali, kishindo kizito kikizunguka milimani mpaka huwezi kujua kimetoka wapi. Shemeji aliinama kila mara, mabega juu, kisha akajinyoosha na kujifanya anafunga kiatu. Nami niliinama.

Bonde lilikuwa jembamba. Kijito kilipita chini, na pande zote mbili palikuwa na majani marefu yaliyokauka, rangi ya kahawia, yanayomfika mtu kiunoni. Nilimketisha shemeji upande wa pili, nusu ya mteremko, kando ya gogo lililoanguka. Nikamwambia asiondoke pale kwa lolote. Mimi nikarudi upande wangu, nikapanda kidogo, nikakaa chini ya mti ambapo niliweza kuliona bonde lote. Nilimwona vizuri: nukta ya rangi ya chungwa kwenye ule ukahawia. Ndani ya kizibao alivaa lile jaketi ambalo dada yake alilifunga zipu, jaketi la kahawia.

Tulikaa. Baridi ilipanda kutoka kwenye udongo ikaingia mifupani. Ndege mmoja aliimba sauti za ndege wengine watano. Nilianza kupata ile amani ndogo ambayo msitu humpa mtu kabla haujamtisha tena.

Kisha nikatazama ng'ambo, na ile nukta ya rangi haikuwepo.

Nilitazama tena. Gogo lilikuwepo. Majani yalikuwepo. Mtu hakuwepo. Nilichukua darubini, nikalipitia gogo kutoka mwanzo hadi mwisho, na hapo nikaona majani yakitikisika kidogo na kitu cha kahawia kikijisogeza chini, taratibu, kikijilaza.

Ndipo nikasikia sauti za watu upande wa chini wa kijito. Hatua, kokoto, mtu akikohoa. Na nikajua mara moja alichokifanya, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekifanya mwaka uliotangulia.

Naomba unielewe hapa, ni muhimu. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikokulia mimi na alikokulia yeye, kuni zilikuwa mbali, nje ya mpaka ambao hatukuruhusiwa kuuvuka. Lakini bila kuni hakuna kupika. Basi tulikwenda. Tulikwenda alfajiri, wawili wawili, na tulifundishana sheria moja kabla ya nyingine zote: ukisikia mtu mwenye bunduki, awe askari, awe jambazi, awe nani, usikimbie na usiseme. Lala chini. Ficha chochote chenye rangi. Mama mmoja aliyekwenda nasi alikuwa akilivua lesho lake la maua na kulikalia. Unalala, unapumua kwa mdomo, unangoja hatua zipite. Wale waliojua kulala kimya walirudi na kuni zao.

Mwaka uliotangulia, gari la askari wa misitu lilipita barabarani nikiwa porini na vibali vyangu vyote mfukoni, halali kabisa, na nikajikuta nimelala kifudifudi, kofia yangu ya rangi ya chungwa imefichwa chini ya tumbo. Nililala pale mpaka vumbi lilipotulia. Kisha niliinuka, nikajipangusa, nikaona haya sana, na sikumwambia mtu. Nilimfundisha shemeji upepo. Nilimfundisha kisigino kwanza. Hilo sikumfundisha, kwa sababu kumfundisha kungekuwa kukiri.

Wale watu wawili walitokea kwenye kona ya kijito. Ndevu nyeupe mbele, mnene nyuma. Ni wale wale wa getini. Yule mnene alisimama ghafla, akamgusa mwenzake begani, akanyoosha kidole kwenye majani ya ng'ambo. Akapiga goti moja. Akainua bunduki.

Mimi nilikuwa na bunduki yangu mapajani, na wazo la kwanza lililonijia ni kufyatua hewani. Ashukuriwe Mungu sikufanya hivyo. Mtu ambaye kidole chake kiko tayari, ukimshtua kwa kishindo, kidole kinajikunja chenyewe. Wazo la pili lilikuwa kumwambia shemeji asimame. Lakini kitu cha kahawia kinachoinuka ghafla kwenye majani ni nini machoni pa mwindaji? Ndicho hasa anachokingoja. Kwa hiyo asisimame. Kwa hiyo abaki amelala. Kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kutoa sauti.

Na sauti haikutoka.

Nilifungua mdomo na koo likajifunga. Ile sheria ya kuni ilikuwa ndani ya koo langu, imekaa pale miaka yote ile, ikiniambia nyamaza, lala, hatua zitapita. Niliona mgongo wa yule mnene ukitulia, jinsi unavyotulia mtu anaposhusha pumzi ya mwisho kabla ya kufyatua. Niliona uso wa mke wangu. Niliona chapati kwenye mfuko.

Nilisimama kwanza. Miguu ilitii kabla ya koo. Nilivua kofia nikaipunga, na pamoja na mkono ule kitu kikafunguka, na sauti ikatoka kubwa, mbaya, ya kupasuka, na haikutoka kwa Kiingereza.

"Ni mtu. Ni mtu. Usipige, ni mtu."

Hawakujua neno hata moja. Lakini sauti ya binadamu ni sauti ya binadamu. Mtutu uliinuka ukaelekea mbinguni, kisha ukashuka ukaelekea chini, na yule mnene akabaki amepiga goti vile vile, kama mtu aliyesahau jinsi ya kuinuka.

Nilishuka mbio, nikavuka kijito mpaka magotini, nikimwita shemeji abaki palepale asiinuke mpaka nimfikie. Nilimkuta amelala kifudifudi. Kizibao na kofia vilikuwa chini ya kifua chake, vimekunjwa vizuri, jinsi watu wa kambini tunavyokunja. Macho yake yalikuwa wazi, anapumua kwa mdomo.

"Wamepita?" aliniuliza kwa mnong'ono.

Nilikaa chini kando yake.

Wale wawili walipanda mpaka tulipokuwa. Yule mnene alikuwa ameshatoa risasi zote kwenye bunduki, amezifumbata. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Niliona sikio," alisema. "Nilidhani ni sikio. Nilikuwa ninangoja ageuke ubavu." Alirudia mara mbili au tatu kwamba alikuwa anangoja ageuke ubavu, kisha akaenda kando akatapika.

Mzee wa ndevu nyeupe alimtazama shemeji, akanitazama mimi. "Kwa nini alijificha?"

Nikamtafsiria, maana wakati ule Kiingereza chote kilikuwa kimemkimbia. Shemeji alijibu kwa Kiswahili, bila kuinua macho. "Mwambie niliona watu wenye bunduki."

"Hapa kila mtu ana bunduki," mzee alisema.

"Ndiyo sababu," shemeji akasema.

Mzee akanigeukia, na hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Nilikuuliza mnaelekea wapi."

"Uliniuliza."

"Ukasema juu."

"Ndiyo."

"Tukashuka huku chini ili tuwaachie ninyi huko juu. Ndiyo maana huwa ninauliza. Watu wengi, msitu mmoja. Lazima tuambiane."

Nilisema samahani. Alinipa mkono, mkavu na wa baridi, akampa na shemeji. Waliondoka wakienda barabarani. Siku yao ilikuwa imeisha, na yetu pia. Tulivaa rangi zetu na kurudi garini. Njia nzima nilitembea nikiimba kwa sauti, wimbo wowote ulionijia, na shemeji hakuniuliza kwa nini.

Tulipofika barabara kuu tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Shemeji alikaa na kikombe cha chai bila kukinywa.

"Wazee wangu kazini wakianguka, hata kama hawakuumia, tunaandika ripoti," alisema. "Hii tunaiandika wapi?"

"Tutamwambia dada yako."

"Hapana, shemeji. Tusimwambie. Atanikataza hata kuvuka barabara."

"Nilimpa neno langu."

"Si umenirudisha? Mimi niko hapa, nakunywa chai."

"Hunywi."

Akakitazama kikombe. "Bora ripoti kuliko dada," alisema.

Tulifika Guildford alasiri. Mke wangu alitoka akaona kasha la barafu halina kitu, akaanza kutucheka, kisha akaona nyuso zetu akaacha. Binti yetu alimuuliza mjomba wake kwa Kiingereza kwa nini ana majani kwenye nywele. Mjomba hakumjibu kwa mzaha, na mtoto akarudi ndani mwenyewe.

Nilimweleza mke wangu yote tukiwa jikoni, tumesimama. Sikuacha kitu. Nilisema kuhusu geti na uongo wangu mdogo. Nilisema kuhusu kizibao. Nilipofika mahali pa goti na bunduki, alinyoosha mkono bila kunitazama, akamshika mdogo wake kisogoni, akamshikilia hivyo mpaka nilipomaliza. Niliogopa kelele zake. Niliogopa zaidi alipokosa kupiga kelele.

"Wewe," aliniuliza, "uliwahi kujificha hivyo huko?"

"Mwaka jana."

"Na hukumwambia."

"Niliona haya."

"Mimi nikisikia mtu anagonga mlango sana, bado ninazima redio," alisema. "Miaka yote hii. Ninazima redio kwanza, ndipo ninauliza nani." Alimwachia mdogo wake. "Hao wanaume wa kanisani wanaokuuliza habari za leseni. Waambie hilo kabla ya jingine lolote. Ukiona haya, nitawaambia mimi."

Basi sasa ninawaambia. Wakija kwangu wakiwa na hamu ya nyama, nawapeleka kwanza kwenye uwanja wa majani ulio karibu na kwetu, Jumamosi asubuhi, mikono mitupu, kila mmoja na kizibao chake. Ninamwambia mmoja akae nyuma ya mti, mimi ninakuja taratibu, na kazi yake ni moja tu: atoe sauti kabla sijamfikia. Wapita njia wanatushangaa. Utadhani ni mchezo. Lakini nimewaona wanaume wazima, wenye sauti za kuongoza kwaya, wakifungua midomo pasitoke kitu. Mmoja alinong'ona tu, mara nne. Mwingine, mtu wa Kivu, alijikuta amelala kabla hata sijaanza kutembea, na alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka, akasema ni vumbi. Ninawaambia wasijilaumu. Koo lililojifunza kunyamaza miaka ishirini halifunguki asubuhi moja. Tunarudia wiki inayofuata.

Shemeji hajarudi msituni. Mtoto wao wa tatu alizaliwa, wa kike. Huja uwanjani siku nyingine kunisaidia, na yeye ndiye anayewasubiri kwa uvumilivu kuliko mimi. Mimi hurudi msituni mara mojamoja, na kila mara ninaogopa tangu getini mpaka getini. Mtu akiniuliza ninaelekea wapi, ninamwonyesha kwenye ramani, kwa kidole, mahali penyewe. Bado kila mara kitu ndani yangu kinataka kuufunga ule mlango.

Ukienda wewe, au ukimpeleka mtu wako, shika hili. Ukisikia watu msituni, usivue rangi yako na usilale. Baki ulipo bila kusogea, toa sauti ya mtu, neno lolote, kwa lugha yoyote, na uirudie mpaka wakujibu. Wakishakujibu, ndipo usimame.